Kila Usiku Nafunga Hesabu ya Kibanda, Siku Yangu Siioni Ilikokwenda

Assalaamu alaykum Bi Mkubwa, na shikamoo.

Nina miaka 36, naishi Tanga, ni mama wa watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa malori, kwa mwezi mzima anaweza kulala nyumbani siku 5 au 6 tu. Mimi ni wakala wa fedha za simu. Kibanda nafungua saa 1 asubuhi na nafunga saa 3 usiku. Kabla sijalala nafunga hesabu: fedha taslimu, floti (salio la uwakala) ya kila laini, kamisheni, na walioniomba niwakopeshe. Ikipungua hata shilingi 500, usingizi siupati mpaka nijue imepotelea wapi.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Baba yangu yuko Pangani, ana miaka 74, na maisha yake yote alikuwa mvuvi. Tangu mama atangulie mbele ya haki, hunipigia simu kila siku baada ya Magharibi. Saa hizo ndizo wateja wanajaa, watu wametoka makazini. Basi simu naibana kwa bega, mikono inahesabu noti, mdomo unaitikia: "Ndiyo baba. Alhamdulillahi baba. Inshallah baba."

Wiki tatu zilizopita kaka yangu akaniuliza, "Hivi baba alipokwambia kifua kinambana, ulimjibu nini?" Nikamwambia hajaniambia kitu kama hicho. Akasema, "Alikwambia. Ukamjibu Alhamdulillahi, akaona basi asikusumbue tena."

Bi Mkubwa, nilikaa chini palepale. Sikumbuki. Nimejitahidi kurudi nyuma kwa kichwa, hata neno moja silipati.

Kuanzia hapo nikawa najichunguza, na nilichokikuta kimenitisha. Mwanangu mdogo aling'oka jino akaniletea mkononi, nikampongeza. Siku ya tatu yake nikaona pengo nikamuuliza kwa mshangao limetoka lini. Akanitazama tu. Swala naswali, lakini kuna usiku nimesimama juu ya msala kwa ajili ya Isha huku najiuliza kama Alasiri niliiswali. Siku inaingia, inatoka, na mimi sikuwemo.

Nilisikia mawaidha redioni kuhusu muhasaba, kwamba muumini ajihesabu nafsi yake kila usiku. Nikaona hii ndiyo dawa yangu, maana hesabu naijua. Nikanunua daftari. Kila nikimaliza hesabu ya kibanda, naandika makosa yangu ya siku ile. Usiku wa 11 nilikuwa nimejaza kurasa 9. Nikajisomea mwenyewe nikaona huyu si mtu, huyu ni mnafiki anayejifunika mtandio. Usiku ule hata witri sikuswali, niliona haya. Daftari nimelifungia kabatini.

Jirani yangu wa kibanda cha pili, mama Mkatoliki, aliponiona nimenyong'onyea nikamweleza. Akaniambia kwao wakijitafiti jioni huanza kwa kushukuru kwanza. Nikashindwa kumwelewa: nishukuru nini, na kurasa ni 9?

Nisaidie. Nitawezaje kuwemo ndani ya siku yangu? Na je, nilirudie lile daftari au niliache?

Wako, Binti wa Mvuvi, Tanga

*

Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Marahaba, mwanangu.

Kabla ya daftari na kabla ya muhasaba: baba amekwenda hospitali? Barua yako imeeleza mengi na imenitoa machozi, lakini hilo sikuliona. Wiki tatu ni nyingi. Mzee wa miaka 74 anayebanwa na kifua hasubirishwi. Na kama maumivu yanampanda hadi tayani au yanamshuka mkononi, kama anatokwa na jasho la baridi au anakosa pumzi, huyo ni wa kukimbizwa saa ileile, hata kama ni usiku wa manane. Kutoka Tanga mpaka Pangani si safari ya kulala njiani. Funga kibanda siku moja. Nenda mwenyewe, usimtume kaka yako, ukakae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe. Pale hakuna noti za kuhesabu, mtakuwa wawili tu. Yawezekana siku hiyo ndiyo ya kwanza utakayoikumbuka yote.

Ukisharudi, ndipo tulitoe daftari kabatini.

Nakuuliza kama wakala. Mtu akikuletea hesabu za kibanda zilizoandikwa fedha zilizotoka peke yake, bila mtaji alioanza nao, bila zilizoingia, utaipokea? Utamwambia hii si hesabu. Nawe kwa siku 11 umejiandikia hesabu ya namna hiyo, ukaishangaa nafsi yako kuwa imefilisika. Sisemi uliyoyaandika ni uongo. Yumkini yote ni kweli. Lakini ulifunga hesabu bila kuandika mtaji.

Imamu Ghazali, aliyefariki Tus mwaka 1111, alilieleza jambo hili kwa lugha ya wafanyabiashara hasa. Alisema nafsi yako ni kama mshirika uliyempa mali akakufanyie biashara. Asubuhi unaandikiana naye masharti. Mchana unamwangalia asikuibie. Jioni mnakaa chini, mnahesabiana. Faradhi ndiyo rasilimali, sunna ndiyo faida, maasi ndiyo hasara. Na kila nikisoma hapo huwa natulia kwa sababu maneno yale hayahitaji mfasiri kwetu. Rasilimali, faida, hasara, hesabu: ndiyo tunayoyasema sokoni kila siku, na muhasaba ni hesabu ileile. Hata neno kufilisika lina ndugu yake katika Hadithi iliyopokewa na Muslim, pale Mtume, rehema na amani zimshukie, alipowauliza masahaba kama wanamjua muflisi ni nani. Wakasema ni asiye na dirhamu wala mali. Akawaambia muflisi wa umma wake ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, funga na zaka, lakini alimtukana huyu, akala mali ya yule, akampiga mwingine, basi mema yake yatagawiwa hao mpaka yamwishie.

Hadithi hiyo nitairudia, maana inakuhusu kwa upande wa baba. Tumalize kwanza la mtaji.

Mtaji wako wa kwanza kila siku ni kwamba umeamka. Katika Surat Az-Zumar, aya ya 42, Mwenyezi Mungu anasema Yeye ndiye anayezichukua roho wakati wa mauti, na zile ambazo hazijafa huzichukua usingizini, kisha huzizuia zilizohukumiwa kufa na kuzirudisha nyingine mpaka muda uliowekwa. Yako imerudishwa. Ndiyo maana dua ya kuamka inaanza na Alhamdulillahi. Andika hilo kabla ya kosa lolote. Kisha andika lililoingia: mtoto kakuletea jino lake mkononi, hakulitupa, alitaka ulione wewe. Baba kapiga simu. Pengine mteja kakurudishia elfu kumi uliyomzidishia. Jirani kaona umenyong'onyea, akauliza.

Huyo jirani yako amekwambia jambo la maana, na mimi ningemshukuru. Kwao mpangilio huo umetokana na Ignasio wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliyeishi kati ya 1491 na 1556. Aliwafundisha watu waanze kwa kumshukuru Mungu, waombe nuru ya kuyaona makosa yao, ndipo waipitie siku saa kwa saa, waombe msamaha, na wakusudie kujirekebisha. Kuyahesabu makosa kulikuja hatua ya tatu. Wewe ulianza na ya tatu ukakwama hapohapo. Na sisi Waislamu hatuna upungufu wa amri ya kushukuru: Surat Ibrahim, aya ya 7, inaahidi kwamba tukishukuru tutazidishiwa.

Nikueleze nilivyojifunza mimi, kwa sababu sikujifunza kitabuni.

Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akisuka ukili wa mikeka. Mchana alisuka huku anapika, anagombana na mbuzi, anajibu hodi za watu. Baada ya Isha aliuchukua ukili wa siku ile, akauvuta taratibu kati ya vidole kwenye mwanga wa kandili, urefu wote. Nilikuwa mtoto, nikidhani anapima. Kumbe alikuwa anausoma. Penye kulegea angesimama na kusema peke yake, "Hapa alikuja yule mama wa deni." Mbele kidogo, "Hapa nilikuwa na hasira na wifi." Kisha penye mkazo mzuri, uliolala sawa, angepapasa mara mbili na kusema, "Hapa nilikuwa namsalia Mtume." Aliijua siku yake kwa vidole. Palipoharibika sana alifumua, tena alifumua hapo tu. Sikumwona hata mara moja akiutupa ukili mzima kwa sababu ya shibiri moja iliyolegea. Akimaliza aliukunja, akauweka chini ya kitanda, akalala.

Kitu kingine nilikuja kukielewa nilipokuwa mtu mzima. Kwa hesabu yetu, siku huanza Magharibi. Ndiyo sababu tunasema usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa hiyo mama alipousoma ukili wake baada ya Isha, alikuwa tayari ndani ya siku mpya. Hakuwa anaizika ya jana. Wewe muhasaba umeufanya kama hukumu ya mwisho ya siku, saa 5 usiku, umechoka, kichwa kimejaa tarakimu. Saa kama hiyo hata malaika angeandikwa vibaya.

Basi fanya hivi, na nakuomba usiongeze kitu kwa mwezi mzima.

Baada ya Alfajiri, kabla hujashika simu, iambie nafsi yako sharti moja la siku. Moja tu. Ghazali anataja viungo saba vya kuwekea masharti, jicho, sikio, ulimi, tumbo, tupu, mkono na mguu, na ukijaribu vyote saba kwa mpigo daftari litarudi kabatini. Kwa hali yako ningechagua sikio. Sema: "Leo, Inshallah, atakayezungumza nami nitamsikia mpaka mwisho wa sentensi yake."

Mchana una swala. Umeniuliza utawezaje kuwemo ndani ya siku yako, na siku yako tayari imekatwa vipande vitano na Aliyeiumba. Tatizo ni kwamba unaswali kama unayehudumia foleni. Ukitoa salamu Adhuhuri, usiruke. Kaa palepale, vuta pumzi mbili tatu, jiulize: tangu Alfajiri hadi sasa, ni uso wa nani nimeuona kweli? Ukimpata mmoja, mwombee. Usipompata hata mmoja, sema Astaghfirullah, una Adhuhuri hadi Alasiri ya kujaribu tena. Alasiri vivyo hivyo. Na jina la Alasiri linakaribiana na jina la sura fupi sana, Al-Asr, ya 103, yenye aya tatu tu, ambapo Mwenyezi Mungu anaapa kwa wakati kwamba mwanadamu yumo katika hasara, isipokuwa walioamini, wakatenda mema, wakausiana haki na wakausiana subira. Isome hapo kibandani, jua likianza kushuka. Ni nyepesi na kila mtoto wa chuoni anaijua, ila husomwa mbiombio.

Usiku, hesabu ya kibanda ikiisha, iache iishe. Simu iweke chumba kingine. Udhu, Isha, na kama bado una nguvu, witri, hata rakaa moja. Kisha kwenye daftari andika mistari mitatu: nilichopewa leo, palipolegea, na ninachodaiwa na mtu. Ukurasa usijae. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba amali apendayo zaidi Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata kama ni ndogo, na kurasa 9 kwa siku 11 hazidumu, ulishaona mwenyewe.

Ukipanda kitandani kuna zawadi aliyopewa mwanamke aliyechoka, nami sijui mwanamke wa kazi anayeweza kuisikia asiguswe. Bibi Fatima mikono yake iliumia kwa kusaga nafaka. Akaenda kwa baba yake kuomba mtumishi wa kumsaidia. Mtume akawajia usiku, yeye na Ali, wakiwa wameshalala, akawafundisha waseme Subhanallah mara 33, Alhamdulillahi mara 33, na Allahu Akbar mara 34, akawaambia hiyo ni bora kwao kuliko mtumishi. Ukifika kwenye Alhamdulillahi, nenda polepole. Ni neno lilelile ulilompa baba likiwa tupu. Sasa lijaze.

Nimesema nitairudia Hadithi ya muflisi. Palipolegea kati yako na Mola wako pana istighfari, na mlango uko wazi usiku na mchana. Lakini mstari wa tatu, deni la mtu, hauponi kwa kuandikwa. Wanazuoni wameeleza kwamba kosa lililogusa haki ya mja linataka umwendee mwenye haki yake. Kwa hiyo mstari wa tatu ndio kazi yako ya asubuhi. Kama kuna mteja uliyemkaripia kwa sababu kasahau namba yake ya siri, akija kesho mwambie samahani. Mwanao mwite, umtazame lile pengo, muulize jino jipya limeanza kuchomoza, na umwombe radhi. Watoto wanasamehe haraka, ila ni haki yao kuombwa. Baba umweleze ukweli wote: "Baba, uliponiambia kifua kinabana sikukusikia, nilikuwa nahesabu fedha." Usijitetee kwa foleni ya wateja. Yeye alikuwa mvuvi, anajua mtu akiwa kazini akili inakuwa wapi. Atakachotaka kujua ni kwamba sasa unasikia.

Kuhusu kujiita mnafiki, sikubaliani nawe hata kidogo, na nasema hivi kwa uzito. Soma Surat Al-Hashr, aya ya 18 na ya 19. Ya 18 inaamuru kila nafsi iangalie ilichokitanguliza kwa ajili ya kesho. Ya 19 inaonya tusiwe kama waliomsahau Mwenyezi Mungu, naye akawasahaulisha nafsi zao. Aliyesahaulishwa nafsi yake hakai chini palepale anapoambiwa alivyomjibu baba yake. Wewe umeshtuka, umejichunguza, umenunua daftari. Huo ni ukumbusho umekufikia, na umekufikia baba akiwa hai. Wako wengi wanaoniandikia baada ya arubaini.

Ila nikuonye kitu kimoja. Ukiona unarudia swala ileile mara tatu kwa shaka, au kosa dogo linakukosesha usingizi wiki nzima, au umekosa hamu ya kula na ya kuishi, hiyo imetoka kwenye muhasaba imeingia kwenye wasiwasi, na pengine maradhi. Hapo acha daftari, nenda kwa sheikh unayemwamini na kwa mganga wa hospitali pia. Na huzuni ya mama yako nayo, mwanangu, sijaiona popote katika barua yako zaidi ya neno moja la kupita. Umemlilia lini? Baba anapiga simu kila Magharibi kwa sababu nyumba imenyamaza. Huenda na wewe unahesabu noti kwa sababu hiyohiyo. Mkiwa Pangani, nendeni pamoja kaburini, mkamsomee Fatiha.

Leo Magharibi atapiga. Utapoteza kamisheni ya miamala michache, na kwa mtu anayelea watoto peke yake karibu mwezi mzima, najua si kidogo. Hata hivyo, mwambie mteja aliye mbele yako, "Naomba dakika mbili, ni mzee wangu." Noti zifunge kwa mpira, zitie kwenye mtoto wa meza, ufunge kwa ufunguo. Simu ishike kwa mkono, usiibane begani. Muulize kifua kikoje leo, mwambie siku utakayomfuata. Kisha nyamaza umsikilize mpaka amalize.